Marahaba ya Ujiji

Jua la Ujiji lilikuwa linaelekea kuzama nilipowaaga wenzangu kwamba naenda kununua migebuka. Hakuna aliyenituma. Mchumba wangu, Arif, alikuwa ametania tu kwenye simu kwamba tusithubutu kurudi Tabora bila samaki wa ziwani na mawese kidogo, na mimi nikaudaka utani ule kama agizo. Nilitaka kisingizio cha kukaa mbali na mama yangu, japo kwa muda mfupi.

Tulikuwa tumeshuka melini asubuhi ile, bandarini Kigoma, baada ya safari ndefu ya ziwa kutoka Kasanga. Arif ndiye aliyelipa. Alisema kabla ya harusi ni vizuri mama zetu wakafahamiana, na hakuna mahali watu wanafahamiana kama melini, maana hakuna pa kukimbilia. Basi tulikuwa watatu. Mimi, Siwema, mwalimu wa sekondari pale Tabora. Mama yangu, Nyamizi, mkulima wa Lusu, wilaya ya Nzega. Na mama yake Arif, Bi Zeenat, ambaye familia yake imekuwa na duka la vitambaa Tabora mjini tangu kabla mimi sijazaliwa.

Bi Zeenat alipanda meli na sanduku la magurudumu. Mama yangu alipanda na ndoo ya plastiki iliyojaa michembe.

Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa juani. Ndicho chakula chetu cha njaa na cha safari. Aliigawia meli nzima. Aliwapa mabaharia, akawapa watalii wa Kizungu waliokuwa wakipiga picha machweo, akampelekea na nahodha. Kabla ya kumpa nahodha alimpigia magoti, kama wanavyosalimia wanawake wa kwetu, na nahodha mwenyewe angeweza kuwa mwanawe wa mwisho. Viatu nilivyomnunulia alivibeba kwapani, eti visichakae. Kila alipofungua mdomo nilitamani sakafu ya meli ipasuke inimeze. Bi Zeenat alikuwa akitafuna michembe yake taratibu na kunitazama, nami nilijua anafikiria nini. Nilidhani najua.

Siku hiyo ya mwisho tukatembezwa Ujiji. Mtembezaji wetu alituonyesha nyumba za udongo zenye milango ya nakshi, akatuonyesha pale ilipokuwa bandari ya zamani. Ziwa limerudi nyuma, bandari imekuwa majani na vibustani vya mchicha. Akatueleza kwamba njia ya misafara iliyotoka pwani, ikapita Tabora, iliishia hapo hapo tuliposimama. Mizigo ilifika mabegani mwa watu, na wengi wa wapagazi hao walikuwa Wanyamwezi. Waliofika wagonjwa waliachwa. Msafara haukuwa na nafasi ya kumngoja mtu.

Bi Zeenat alikuwa na haja yake. Babu yake, mzee Nanji, aliwahi kuuza shanga na vitambaa Ujiji kabla ya kuhamia Tabora, naye alitaka kupaona. Tulikuta kizingiti cha jiwe tu, na mbuzi wawili wamelala juu yake. Akacheka mpaka akakaa chini, akamvuta mama wapige picha pamoja na wale mbuzi.

Kisha mama akaenda mpaka mwisho wa ile barabara ya misafara. Akasimama. Akavua viatu, siku ambayo hatimaye alikuwa amevivaa. Akapiga magoti kwenye vumbi, katikati ya watu wanaopita, akaanza kusema kwa sauti, "Mhola… mhola…" akiisalimia barabara tupu. Watalii wawili wa meli yetu wakainua simu zao.

Hapo ndipo nilipowaaga kwamba naenda kununua migebuka.

Muuza samaki alikuwa amepanga migebuka iliyobanikwa juu ya gunia, karibu na kona, na kutoka pale barabara yote ilionekana. Nikaanza kuchagua. Yeye akanyoosha kidevu kule nilikotoka.

"Yule mama aliyepiga magoti," akasema, "ni mama yako? Mnafanana."

"Hapana," nikasema. "Ni mama tu tuliyesafiri naye."

Maneno yalitoka laini kabisa. Hata hayakunikwama. Nikainama kuchagua samaki mwingine huku uso unaniwaka moto, na nikajiambia kwamba ni joto la jioni.

Upepo wa ziwani ukakatika. Nikasikia harufu ya tumbaku mbichi… tumbaku iliyochunwa leo, pale ambapo hapakuwa na tumbaku.

Na nyuma yangu, karibu sana, sauti ndogo, kavu.

"Shikamoo."

Mimi ni mwalimu. Shikamoo naipokea kutwa nzima, getini, koridoni, mpaka mlangoni mwa choo. Naitikia huku nasahihisha, huku natafuna, huku namgombeza mwingine, bila kuinua macho. Mdomo unaitikia wenyewe.

"Marahaba," nikasema.

Muuza samaki akaacha kufunga samaki kwenye gazeti.

"Dada…" akasema polepole. "Umemwitikia nani?"

Nikageuka.

Alikuwa mzee kuliko mzee yeyote niliyewahi kumwona akiwa wima. Shuka moja, rangi ya udongo. Kwenye bega la kushoto alikuwa na nundu ngumu ya nyama, pale unapokaa mzigo kwa miaka mingi. Ameinama, mikono miwili mbele, viganja juu, kama mtu anayepokea kitu kwa adabu. Mzee wa kunizaa mara tatu ananipa mimi shikamoo, na mimi nimeipokea. Jambo la kwanza nililohisi halikuwa woga. Niliona haya. Mtu mwenye malezi angekataa pale pale, angeirudisha salamu kwa mwenyewe.

Nikafungua mdomo niirudishe. Ndipo nikatazama chini.

Miguu yake iliishia vifundoni.

Haikuwa imekatwa. Ilikuwa imekwisha, kama chaki inavyokwisha ubaoni.

"Ahsante," akasema, na macho yake yakajaa machozi ya shukrani. "Twende basi… nyumbani."

Nikapepesa macho. Hapakuwa na mtu. Kwenye vumbi palikuwa na mistari miwili tu ya kitu kilichoburutwa, nayo ilikuja ikakoma kwenye visigino vyangu.

Muuza samaki hakutaka tena kuniuzia. Alisukuma migebuka mikononi mwangu bila kunitazama wala kupokea pesa, akanigeuzia mgongo, akaanza kukunja gunia lake ingawa wateja walikuwa bado wanakuja.

Nilipowarudia wenzangu nilimkuta Bi Zeenat anazungumza peke yake. Mama alikuwa amekaa kimya ukutani. Ndoo yake ilikuwa tupu, imesuuzwa, na michembe ameihamishia kwenye kitenge. Sikuuliza kwa nini. Aliniangalia usoni, kisha akanitazama miguuni, muda mrefu.

"Umekuja na nani?" akaniuliza.

"Peke yangu," nikamjibu, kwa Kiswahili. Mama huniuliza kwa Kinyamwezi, mimi humjibu kwa Kiswahili. Ndivyo tulivyoishi tangu nilipopata kazi ya mjini.

Treni iliyokuwa iondoke jioni ile iliahirishwa mpaka asubuhi. Tukalala gesti ya Kigoma. Niliamka miguu imepoa, baridi ya sakafu ya simenti, ingawa blanketi lilikuwa juu yake. Kuzunguka kila kifundo palikuwa na alama, kama ile inayoachwa na mpira wa soksi. Sikuwa nimevaa soksi. Na viatu vyangu, ambavyo nilivipangusa na kuviweka chini ya kitanda, vilikuwa vimejaa vumbi jekundu mpaka kwenye vidole.

Nikavipangusa tena. Sikusema kitu. Ningesemaje, mbele ya Bi Zeenat? Familia yangu ilikuwa imeshanitosha kwa vituko.

Reli ile inafuata njia ile ile ya misafara, kwa kurudi nyuma. Ni jambo ninalolifundisha darasani kila mwaka, na sikuwahi kulifikiria zaidi ya mtihani. Asubuhi ile nililifikiria. Uvinza, alama vifundoni zilikaza. Tulipopita juu ya Malagarasi, wakati abiria wote wamekaza macho kwenye maji, chini ya kiti changu kitu kikashusha pumzi ndefu… pumzi ya mtu aliyewahi kuuvuka mto ule kwa shida. Nikainua miguu. Haikuinuka. Nikaisaidia kwa mikono, nikaiweka kitini, nayo ikateremka yenyewe, taratibu, ikakanyaga sakafu.

Kaliua, sikuwa nasikia vidole tena.

Urambo treni ilisimama muda mrefu. Watu walipakia marobota ya tumbaku, harufu ikajaa behewa zima, na wenzangu wote wakaanza kupiga chafya na kulalamika. Mimi nilikuwa nimeizoea. Nilikuwa nayo tangu Ujiji.

Bi Zeenat alikuwa amesinzia, mtandio usoni. Mama akahama kiti, akaja kukaa karibu yangu. Akanishika kifundo cha mguu kwa vidole viwili, kama anavyopima homa ya mtoto, akakiachia haraka.

"Nani alikusalimia jana?" akanong'ona.

"Mzee mmoja tu."

"Mzee akakupa shikamoo… wewe ukasemaje?"

Nikatazama dirishani.

"Siwema. Ukasemaje?"

"Marahaba."

Mama alifumba macho. Kisha akanisimulia, kwa sauti ya chini kabisa, alivyosimuliwa na bibi yake. Kwamba zamani mpagazi akiugua njiani, msafara ukamwacha, alichobaki nacho ni salamu. Alijiburuta mpaka kwa mtu anayepita, akampa shikamoo, hata kama ni mtoto mdogo. Shikamoo ni kushika miguu, na yeye aliishika kwelikweli. Aliyeitikia marahaba alikuwa amempokea. Alipaswa kumlisha, na kumrudisha kwao, na akifa amzike. Ndiyo maana watu walijifunza kupita bila kuitikia, na wengine walikufa wakiwa bado wanasalimia. Hao hawakukoma. Miguu yao imekwisha, wanatafuta ya kuazima.

Akaniambia pia namna ya kujinasua. Si kafara wala mganga. Niirudishe salamu ilikotakiwa kwenda. Nipige magoti, niguse ardhi mbele yake, nimpe shikamoo kama mjukuu anavyompa babu yake, tena mbele ya watu, kwa sababu nilimpokea mbele ya watu. Akiitikia yeye, atakuwa mkubwa tena, ataniacha. Lakini lazima iwe kabla sijavuka kizingiti cha nyumba yangu. Akivuka kizingiti na mimi, miguu hiyo ni yake, naye ataitembeza mpaka iishe.

"Hatokei mpaka jua linapozama," akasema. "Ukishuka stesheni utamwona. Fanya pale pale."

Kisha akaniuliza jambo moja zaidi.

"Huwa wanamfuata aliyesimama peke yake, asiye na mtu wake. Ulikuwa umesema nini, kabla?"

"Sikusema kitu," nikamwambia mama yangu.

Akatikisa kichwa, akarudi kitini kwake.

Tuliingia Tabora jua linazama. Nilipochungulia dirishani niliona umati. Arif hakuja peke yake. Alikuja na shangazi zake, na dada yake Rehmat ameshika simu juu anarekodi, na walimu wenzangu wanne, na shada la maua. Nyuma yao kulikuwa na wanafunzi wangu kadhaa waliokuja kumpokea mwalimu wao, mashati yamechomekewa vizuri.

Nikajiburuta mpaka mlangoni mwa behewa. Nikashika chuma. Bi Zeenat alikuwa ameshashuka.

Na yule mzee alikuwa pale chini.

Amesimama kwenye kokoto, kati ya treni na watu wangu, viganja juu. Watu walimpita wakienda na kurudi, mizigo ikamgusa, hakuna aliyemwona. Alikuwa akitazama huku na huku, stesheni, taa, pikipiki, minara ya simu. Alionekana kama mtu aliyeshushwa kituo ambacho si chake.

Nikashuka. Goti moja likagoma, nikasimama nimeyumba.

"Sasa," mama akaninong'oneza sikioni. "Piga magoti."

Arif alikuwa anakuja na maua. Rehmat alikuwa ananirekodi. Mwanafunzi mmoja akasema, "Shikamoo, mwalimu," na wengine wakafuata kwa pamoja, wakaona siitikii, wakatazamana. Nikafikiria video ile. Mwalimu Siwema, magotini kwenye kokoto, anamsalimia hewa. Ingekuwa kwenye simu za shule nzima kabla ya isha. Na shangazi zake Arif wangesema, kumbe ni mtoto wa yule mama.

"Nitafanya nyumbani," nikanong'ona.

"Nyumbani atakuwa amefika."

"Mama, watu wananitazama."

"Siwema. Ni miguu yako."

Niliona haya. Sina neno lingine la kuweka hapo. Miguu yangu ilikuwa inakufa, nilijua inakufa, na bado nilisimama pale nikitengeneza tabasamu kwa ajili ya simu ya Rehmat.

Mama akatua ndoo yake. Akavua viatu, akavipanga pamoja kando ya ndoo. Akapita mbele yangu, akasimama mahali ambapo kila mtu aliona hewa tupu. Hakupiga magoti. Ilikuwa mara ya kwanza namwona mama yangu akisimama wima mbele ya mtu mzima kuliko yeye.

"Baba," akasema, kwa Kinyamwezi, na sauti yake ilisikika stesheni nzima. "Huyu bado mtoto. Nisalimie mimi."

Mzee akamgeukia. Akainama.

Sikusikia alichosema. Nilimsikia mama tu.

"Marahaba, baba."

Na mimi miguu ikanijia. Damu ilishuka kwa maumivu matamu mpaka nikatoa machozi, vidole vikachezacheza ndani ya viatu. Watu walidhani ni machozi ya furaha. Mmoja wa shangazi akauliza, kwa kicheko, huyu mama anazungumza na nani. Arif naye alikuwa ananitazama, anasubiri jibu.

"Mmsamehe," nikasema, nikacheka. "Safari imemchosha."

Wote wakacheka. Bi Zeenat peke yake hakucheka. Alimwendea mama, akaokota viatu vyake, akamshika mkono, kwa sababu mama alikuwa ameanza kuchechemea.

Mama hakuja harusini. Alipofika Lusu hakusimama tena. Hospitali walimpima wakasema hawaoni kitu, wakampa dawa za maumivu. Bi Zeenat alipanda basi kwenda Lusu mara nyingi kuliko mimi. Alimpelekea mawese, akamkanda miguu nayo, wakakaa kutwa wanatafuna michembe na kukumbushana wale mbuzi wa Ujiji. Aliporudi aliniambia kwamba hajawahi kuwa na rafiki kama mama yangu. Melini, kumbe, alipokuwa akinitazama, alikuwa akijiuliza tu kwa nini mtoto hali chakula cha mama yake. Mimi nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Daima kulikuwa na mitihani.

Nilipokwenda, mama alikuwa amefunika miguu kwa khanga. Akanizuia nisiifunue.

"Ananitembeza," akasema. "Nilidhani kwao ni Tabora. Tumefika, akaniambia si hapa, mji huu haujui. Akataja jina la kijiji ambalo hata bibi yangu hakuwahi kulitaja. Tunatafuta tu."

Nikaanza kulia. Nikamwambia nitafanya sasa, nitapiga magoti sasa hivi, anionyeshe alipo. Akasema hayupo kwangu tena, hawezi kunisikia, na kwamba mtu aliyeiomba salamu mwenyewe hawezi kuirudisha. Kisha akanishika mkono.

"Ile siku Ujiji nilikufuata," akasema. "Nilihamishia michembe kwenye kitenge, nikakuletea ndoo ya kuwekea samaki. Nilikuwa nyuma yako ulipomjibu yule muuza samaki."

Sikuweza kumtazama.

"Nikarudi nilikotoka. Nilikuwa na hasira, mwanangu. Ningesimama kidogo tu, yule mzee angekukuta una mtu wako. Nami nina kosa."

Ndivyo alivyosema. Nami nina kosa. Halafu akanipa maagizo. Nikimsikia yeye, mama, ananisalimia siku moja, nisiitikie kwa mazoea. Nitoke nje, nimpigie magoti, nimsalimie mimi kama inavyotakiwa, mbele ya yeyote atakayekuwepo. Basi. Atakwenda kulala.

Alifariki mwezi uliofuata. Wanawake waliomwosha walitoka chumbani, wakakaa barazani. Mkubwa wao, Martha, jirani yetu wa siku nyingi, akaniita pembeni.

"Mama yenu alikuwa analala kitandani kweli?" akaniuliza. "Miguu ile imetembea. Nyayo zimekwisha."

Nikamwambia ni ugonjwa. Tukamzika.

Sasa naishi nyumbani kwa Arif, nyuma ya duka. Mlango wetu unafunguka barabarani. Jioni, watu wakitoka msikitini, barabara hujaa. Wateja wa duka husimama kuzungumza, walimu wenzangu hupita na wanafunzi pia, na majirani hutoa viti nje. Ni saa ambayo kila mtu anamwona kila mtu.

Ndiyo saa anayokuja.

Huanza kwa harufu ya tumbaku mbichi, na ndani yake, kwa mbali, michembe. Kisha kitu kinajiburuta kwenye simenti ya barazani. Kinafika mlangoni, chini kabisa, usawa wa kizingiti.

"Shikamoo…"

Ni sauti yake. Ni ile ile iliyoniita kutoka shambani na kunibembeleza nilipokuwa na surua. Ananisubiri. Haingii, hagongi. Ninachotakiwa ni kuufungua mlango na kupiga magoti kwenye baraza la mume wangu, mbele ya barabara nzima, niseme neno moja kwa mama yangu. Nimeshika komeo mara nyingi. Nimelishika mpaka likapata joto la mkono wangu.

Jana Bi Zeenat alikuwa sebuleni anakunywa chai. Nikaona kikombe kimesimama njiani, hakijafika mdomoni. Alikuwa ametazama mlango.

"Siwema," akasema. "Kuna mama hapo nje anasalimia. Sauti naijua… Ni nani?"

Nje palikuwa na vicheko vya watu, na viti vikivutwa. Kupitia dirishani niliwaona wanafunzi wangu wawili wamesimama dukani.

"Shikamoo…" ikarudi, taratibu, bila hasira.

"Hakuna mtu wetu," nikamwambia Bi Zeenat. "Ni mama tu niliyesafiri naye."

Akaniangalia, akaweka kikombe chini. Kule nje kitu kikajiburuta hatua moja, kikakaa barazani kusubiri.